NYUMBA NI YAKO, KIWANJA NI CHA NANI?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi la Mombasa, juu ya Biashara Street na nyumba zilizo nyuma yake



Kamati imetutaka tuseme juu ya nyumba. Tumeona si vema kusema juu ya nyumba za dunia nzima, maana tutazunguka mpaka usiku bila kufika. Tumechagua mtaa mmoja ambao hapana mtu hapa asiyeujua, nao ni Biashara Street, pamoja na nyumba zilizo nyuma yake kuelekea Majengo. Mtaa huu ukifahamika vizuri, mambo mengi ya nyumba katika Mombasa yatafahamika.

Sababu ya kusema sasa ni hii. Wako wenzetu ambao karibu watatoka kazini na kupokea kiinua mgongo. Fedha hiyo mtu huipata mara moja tu maishani mwake. Wengi husema, "Nitanunua nyumba ndogo huko Majengo, nikae chumba kimoja na vingine nipangishe." Shauri hilo si baya. Lakini yafaa mtu ajue anachonunua kabla hajatoa fedha, wala si baadaye.

MTAA WENYEWE

Ukitoka Mji wa Kale na kuvuka Digo Road, ambayo wazee bado huita Salim Road, karibu na Markiti, unaingia Biashara Street. Markiti ile jina lake la zamani ni Mackinnon Market. Mtaa unapanda kwenda magharibi kuelekea Mwembe Tayari na Jomo Kenyatta Avenue. Pande zote mbili ni maduka ya nguo: leso, vikoi, shuka, vitambaa vya mapazia. Duka moja la hapo linajulikana Afrika ya Mashariki yote kwa leso zake za Mali ya Abdulla, nalo lilianzishwa na Kaderdina Hajee Essak mwaka 1887. Basi fahamuni kwamba biashara hiyo ilikuwako kabla ya reli, maana reli yetu ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901.

Katika mtaa huu nyumba nyingi zina kazi mbili. Chini ni duka, juu ni makao ya watu. Barazani utamwona fundi na cherehani yake akipinda leso za wateja, kwa kuwa leso huuzwa mbili pamoja na hazijakatwa wala kupindwa. Fundi yule hana duka. Ana nafasi ya meza moja na kiti, na nafasi hiyo nayo ina mwenyewe. Mwenye duka naye mara nyingi si mwenye jengo, na aliye juu ghorofani naye ni mpangaji. Kwa hiyo katika jengo moja waweza kukuta watu wanne ambao riziki zao zimefungwa pamoja, na karatasi zao ni mbalimbali.

Ukiacha barabara na kupita kichochoro kwenda nyuma, unakuta nyumba za namna nyingine. Hizi ndizo nyumba za Kiswahili. Mbele pana baraza. Ukiingia mlangoni pana ukumbi mrefu katikati, vyumba viko kuume na kushoto, mara nyingi vitatu kila upande. Mwisho wa ukumbi pana ua, na uani ndipo penye jiko na choo. Zamani kuta zilikuwa miti ya mikoko na udongo, zikapakwa chokaa, na paa lilikuwa makuti. Baadaye likaja bati, na kuta nyingine zikawa za mawe. Umbo lake halikubadilika. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja, vingine hupangisha, na wote hupika ua mmoja.

Wengi wetu tuliotoka bara tulikaribishwa Mombasa na nyumba za namna hii. Wenye nyumba hizo wengi walikuwa akina mama wa Kiswahili, waliojenga kwa fedha zao au kurithi kwa wazazi wao, na kwa kodi za vyumba wakasomesha watoto. Jambo hilo tusilisahau tunaposema habari za wenye nyumba, kana kwamba kila mwenye nyumba ni tajiri.

NYUMBA BILA ARDHI

Sasa tufike penye mambo. Katika nchi nyingi zilizofuata sheria za Kiingereza, mwenye ardhi ndiye mwenye kila kitu kilichosimama juu yake. Ukijenga nyumba juu ya ardhi ya mtu, nyumba humfuata mwenye ardhi. Lakini hapa Pwani tangu zamani, kwa desturi na kwa sheria ya Kiislamu, mtu aweza kuwa na mti bila ardhi, na aweza kuwa na nyumba bila ardhi. Mnazi ni wa mtu huyu, shamba ni la mtu yule. Nyumba ni ya Fulani, kiwanja ni cha mwingine.

Wakati wa ukoloni, serikali ilitunga sheria ya kuandikisha ardhi za Pwani mwaka 1908. Wenye madai walipeleka madai yao, na waliokubaliwa wakapewa hati. Sheria hiyo ilitambua kwamba mtu aweza kuandikishwa kuwa na haki ya nyumba au minazi iliyo juu ya ardhi ya mwenzake. Lakini ambaye hakuandikishwa alikuwa katika hatari, maana hati ilipotoka kwa jina la mwenye ardhi, ilihesabiwa kuwa majengo na miti ni yake pia, ila yale yaliyoandikwa kuwa ya mtu mwingine. Watu wengi hawakujua habari za karatasi hizo.

Kisha reli ikaleta watu, na bandari ya Kilindini ikaleta watu zaidi. Wafanya kazi walikuja kwa maelfu, na nyumba za kuwatosha hazikuwako. Mwenye kiwanja hakutaka kutoa fedha yake kujenga. Alikata ardhi vipande, akawakodisha watu kwa mwezi, kila mtu ajenge nyumba yake mwenyewe. Katika miaka ya 1920 baraza la mji lilipanga Majengo kwa safu na njia, na nyumba za Kiswahili zikajengwa kwa taratibu hiyo. Kila mtu alipata kitu. Mwenye kiwanja alipata kodi bila taabu, mjenzi alipata nyumba kwa fedha kidogo, mfanya kazi alipata chumba karibu na kazi, na serikali pamoja na waajiri walipata wafanya kazi bila kuwajengea.

Tazameni neno hilo la mwisho. Nyumba za Majengo zilibeba mzigo ambao ungekuwa wa waajiri.

Hasara yake ni hii. Mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja mwezi kwa mwezi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba upangaji wa namna hiyo waweza kuvunjwa kwa notisi isiyopungua muda wa upangaji wenyewe. Mahali ambapo hapana mapatano mengine, upangaji wa mwezi kwa mwezi huvunjwa kwa notisi ya mwezi mmoja. Nyumba imejengwa kwa miaka 30, watoto wamezaliwa humo, wajukuu wamechezea ukumbini, na chini yake msingi wote ni mwezi mmoja. Na ile sheria ya 1908 ilifutwa mwaka huo huo wa 2012. Mambo ya nyumba bila ardhi yamefika mahakamani mara nyingi, na kesi ni gharama, na mwenye fedha huweza kungoja kuliko asiyekuwa nazo.

Tumeona yaliyompata mwenzetu mmoja. Alinunua nyumba ya vyumba sita kwa kiinua mgongo chake, akapewa karatasi iliyoandikwa kwa mkono mbele ya mashahidi. Karatasi ilikuwa ya kweli, na aliyemwuzia alikuwa mtu mwaminifu. Lakini karatasi ilisema nyumba tu. Mwenye kiwanja alipofariki, warithi wake wakauza kiwanja kwa mtu aliyetaka kujenga ghorofa. Mwenzetu akaambiwa aondoe mabati yake na mawe yake. Hakudhulumiwa na mwuzaji. Alinunua kuta akidhani amenunua mahali.

HESABU YA NYUMBA

Tufanye hesabu ya mfano tu, kila mtu aweke tarakimu zake. Tuseme nyumba ina vyumba sita. Wewe wakaa kimoja, vitano wapangisha kwa shilingi 3,000 kila kimoja. Hiyo ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Tuseme kodi ya kiwanja ni 2,000, maji na kutapisha choo na matengenezo 3,000. Zabaki shilingi 10,000. Kama nyumba uliinunua kwa shilingi 600,000, utahitaji miezi 60, yaani miaka mitano, kuirudisha fedha yako bila faida yo yote. Sasa jiulize: mwenye kiwanja ameahidi kunipa miaka mitano? Ameahidi kwa maandishi? Kama ahadi ni ya mwezi mmoja, basi umeweka fedha ya miaka mitano juu ya ahadi ya mwezi mmoja. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne aweza kuiona.

Wala hatusemi msinunue. Twasema bei ya nyumba bila ardhi lazima iwe tofauti na bei ya nyumba yenye ardhi, na masharti lazima yaandikwe.

SHERIA YA DUKA NA SHERIA YA CHUMBA

Wako wanachama ambao wake zao wana maduka madogo Biashara Street, au meza za kushona. Nao wajue haki yao. Sheria ya mwaka 1965 inayohusu wapangaji wa maduka, hoteli na mahali pa kuuza chakula humlinda mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano. Mwenye jengo hawezi kumtoa au kumpandishia kodi kwa maneno ya mdomo. Lazima atoe notisi kwa fomu ya sheria, iwe ya miezi miwili au zaidi, na aseme sababu. Mpangaji asipokubali, hujibu kwa maandishi katika mwezi mmoja, na hupeleka shauri lake kwenye baraza la kodi za biashara kabla notisi haijaanza kufanya kazi. Asiponyanyua kalamu, notisi hupita. Wengi wameshindwa kwa kunyamaza tu.

Kwa vyumba vya kulala iko Sheria ya Kuzuia Kodi, lakini hiyo hushika nyumba ambayo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kila mmoja atazame risiti yake ajue yuko upande gani wa mstari huo. Asiyepewa risiti aidai.

Basi mwaona ajabu yake. Mwuza leso katika duka la kukodi ana miezi miwili, sababu, na baraza la kusikiliza shauri lake. Na mzee aliyejenga nyumba yake mwenyewe kichochoroni, kama hana mapatano, aweza kuwa na mwezi mmoja. Jambo hili latakiwa kusemwa kwa wabunge na kwa serikali ya kaunti, tena kwa sauti ya chama, si kwa manung'uniko ya barazani. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 2009 ilikwisha taja shida za ardhi za Pwani. Twataka kuona sheria iliyo wazi kwa mwenye nyumba bila ardhi: notisi ndefu, fidia ya jengo, na nafasi ya kwanza ya kununua kiwanja kinapouzwa.

JAMBO HILI NI LA CHAMA

Mtu aweza kuuliza, "Chama ni cha mishahara, habari za nyumba zatuhusu nini?" Twajibu kwamba katika Mombasa mshahara na nyumba havijapata kuachana. Mwaka 1939 wafanya kazi wa mji huu waligoma, na moja ya mambo makubwa waliyodai ni fedha ya nyumba. Serikali ikaunda Tume ya Willan kuchunguza hali zao. Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa nzima ikasimama: watu wa bandari, watu wa reli, na wengineo, wapata 15,000. Kutoka mgomo huo kilitokea chama kilichoongozwa na Chege Kibachia, African Workers Federation, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo yeye akakamatwa na kuhamishwa mbali. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter ilikubali kwamba mshahara wa Mwafrika ulikuwa umehesabiwa kwa mtu mmoja asiye na jamaa, na ikashauri uhesabiwe kwa mtu mwenye mke na watoto.

Fahamuni maana yake. Mshahara wa mtu mmoja ni mshahara wa kitanda kimoja. Chumba kimoja katika landi za reli, au pahala pa kulala chumbani mwa watu wanne Majengo, ndicho kilichohesabiwa kuwa nyumba. Wazee wetu walipodai nyumba, walidai haki ya kukaa na jamaa zao.

Leo haki hiyo imeandikwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yasema mwajiri ampe mfanya kazi nyumba ya kufaa karibu na kazi au pengine, au ampe fedha ya kutosha kupanga, zaidi ya mshahara wake. Lakini pana mlango ndani ya kifungu hicho. Kama mkataba umesema kwamba mshahara umekwisha changanywa na fedha ya nyumba, mwajiri hadaiwi tena. Ndiyo sababu twasema kila mara, someni mkataba kabla ya kutia sahihi, na maneno hayo yakiwamo, ulizeni ni kiasi gani cha mshahara ambacho ni nyumba.

Tena tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, kila mwezi hukatwa asilimia moja na nusu ya mshahara wetu, na mwajiri hutoa kiasi kama hicho. Fedha ikitoka mfukoni mwetu, yatupasa kuuliza nyumba zimejengwa wapi, zauzwaje, na mtu wa mshahara wetu aweza kuingia? Kuuliza si uasi.

Na jambo jingine limebadili hesabu zetu. Zamani mtu wa stesheni alitembea kwa miguu kutoka kazini mpaka chumbani kwake Majengo. Tangu mwaka 2017 gari la abiria la reli mpya huishia Miritini, nje ya kisiwa. Anayefanya kazi huko na kulala Majengo hulipa matatu kwenda na kurudi. Basi nauli ni sehemu ya kodi, hata kama haikuandikwa kwenye risiti. Ninyi mnaokwenda kuzungumza na waajiri, ichukueni hesabu hiyo.

MAMBO YA KUSHIKA

Tumalize kwa maneno machache ya kushika mkononi.

1. Kabla ya kununua nyumba, uliza kwanza kiwanja ni cha nani. Usiridhike na jibu la mwuzaji. Nenda ofisi ya ardhi ufanye sachi kwenye daftari, uone jina kwa macho yako.

2. Zungumza na mwenye kiwanja mwenyewe, si na mchukua kodi wake tu. Pateni mapatano ya maandishi: miaka mingapi, kodi kiasi gani, fidia ipi akitaka kiwanja chake. Kama amefariki, uliza warithi ni akina nani na kama mirathi imekwisha.

3. Weka risiti zote za kodi ya kiwanja mahali pamoja, nawe mwonyeshe mkeo na watoto zilipo. Nyumba nyingi zimepotea siku mzee alipokufa, maana hapana aliyejua karatasi ziko wapi.

4. Ukipata notisi, usiikunje na kuitia mfukoni. Andika tarehe uliyoipokea, uilete kwa katibu wa tawi siku hiyo hiyo au kesho yake. Kamati itakuonyesha wakili au ofisi ya kwenda.

5. Mkiwa majirani juu ya kiwanja kimoja, fanyeni umoja. Mwenye nyumba mmoja hawezi kununua ardhi ya mwenye kiwanja. Wenye nyumba 20 wakiweka akiba pamoja katika chama cha ushirika, waweza kukaa naye mezani na kutaja bei.

Hilo la tano ndilo tunalotaka mlichukue nyumbani. Sisi wa reli twajua kwamba behewa moja halifanyi gari moshi. Na watu wa Biashara Street wamekwisha tuandikia neno letu kwenye leso, akina mama hulivaa kila siku: Mali bila daftari hupotea bila habari. Kamati imeamua kufungua daftari la wanachama wenye nyumba bila ardhi katika kisiwa hiki, tujue ni wangapi, wako juu ya viwanja vya nani, na wana karatasi gani. Katibu ataanza kuandika majina leo mkutano utakapofungwa. Kila mwenye nyumba na alete risiti yake ya mwisho ya kodi ya kiwanja, na asiyekuwa nayo aje vile vile, tujue la kufanya.